Nusu Mbili za Debwani: Maisha ya Mwalimu Sostenes Ndahani, 1906–1958

Wasifu huu umesomwa makaburini Ihumwa, Alhamisi tarehe 14 Agosti 1958, na mdogo wa marehemu, Kefa Ndahani.

Mwalimu Sostenes Ndahani, ambaye leo tunamkabidhi kwa ardhi ya Ihumwa, alizaliwa hapa hapa mwezi wa Machi mwaka 1906. Siku yenyewe haijulikani. Kitabu cha ubatizo kimeandika mwezi tu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ndahani, mfugaji, na mkewe Emilia. Wote wawili wametangulia.

Alikulia katika miaka ya vita vya Wajerumani na Waingereza, na njaa iliyofuata. Mama Emilia alikuwa na nguo chache nzuri alizopewa alipoolewa, na katika njaa ile zilitoka nyumbani moja baada ya nyingine, zikaenda kubadilishwa kwa mtama. Sostenes alikumbuka mpaka mwisho zilivyofuatana: kwanza kisutu, kisha barsati, kisha kaniki mpya ambayo mama alikuwa hajaivaa hata siku moja. Iliyosalia ni merikani iliyochakaa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbeleko ya mdogo wake. Mama alikuwa akisema, "Watoto wa wenzangu wanalilia chakula. Huyu wangu analilia nguo zangu." Merikani hiyo ipo hadi leo, imeviringishwa juu ya mwanzi, na mdogo wake aliyebebwa kwayo, anayewasomea haya, hakupata kuruhusiwa kuigusa kabla ya kunawa mikono. Ndugu zake tulianza kuona wivu mapema.

Mwaka 1920 alipelekwa shule ya misheni Mpwapwa. Alishuka treni Gulwe, akamalizia safari kwa miguu. Alikuwa mwanafunzi wa kawaida katika hesabu na mzuri katika historia. Mwaka wake wa pili aliadhibiwa kwa kufumua pindo la kaptula ya shule ili aone imeshonwaje. Bibi mmoja wa misheni, aliyetunza vitambaa vya altare, alisikia habari hiyo akacheka, kisha akaomba apewe huyo mvulana. Kwake Sostenes alijifunza kwamba nguo kuukuu haifuliwi kwa sabuni, haianikwi juani, na haikunjwi mahali pale pale kila mara, kwa kuwa kunjo huivunja nguo kama fimbo. Alihitimu ualimu Desemba 1926, na Januari iliyofuata akaanza kufundisha Zuzu.

Huko Zuzu, katika nyumba ya wazazi wa binti aitwaye Anyesi, ndiko alikokiona kitambaa kilichomtawala maisha yake yote. Ilikuwa nusu ya debwani jekundu, lenye mistari ya manjano na ncha za hariri. Kwa ajili ya wageni waliofika leo, yafaa habari zake zielezwe.

Katika siku za misafara, kila msafara uliopita Ugogo ulilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa nguo. Mzee mmoja wa nchi hii, mwenye visima, alilipwa debwani hilo likiwa zima. Alikuwa na wake wawili. Mke mkubwa alisema ni lake kwa sababu yeye ni mkubwa. Mke mdogo alisema ni lake kwa sababu ndiye aliyewachotea maji watu wa msafara. Wakaacha kusemezana, hata mume akachoka kula ugali uliosongwa kwa hasira. Siku moja akalitwaa mbele yao, akalipasua katikati kwa mikono yake, akampa kila mmoja nusu. Mke mkubwa akahamia Zuzu na wanawe. Mdogo akabaki Ihumwa. Nyumba hizo mbili hazikulima pamoja tena wala kuazimana jembe. Walishika jambo moja tu: nyumba moja ikifiwa, nyingine huja na nusu yake. Nusu hizo hutandikwa juu ya ngozi ya ng'ombe, mpasuko ukiutazama mpasuko, pasipo kugusana. Wazee huangalia kama bado zinalingana. Kisha kila nyumba hubeba yake, na mazishi huendelea.

Anyesi ndiye aliyekuwa akimtolea Mwalimu ile nusu ya Zuzu ili aitazame. Alikwenda mara nyingi. Watu wakaanza kungoja posa, na inasemekana hata Anyesi aliingoja. Posa haikufika. Mwaka 1933 Mwalimu alihamishiwa shule ya Dodoma mjini, akaondoka Zuzu na daftari lake la michoro.

Mwaka uliofuata alialikwa harusi hapa Ihumwa. Bibi harusi alikuwa amefunikwa mabega kwa ile nusu ya pili, na Mwalimu akasahau kula. Baada ya sherehe aliyepewa kazi ya kuikunja alikuwa Ruthu, mdogo wake bibi harusi.

"Mwalimu," Ruthu alimwuliza, "tangu asubuhi unamtazama bibi harusi au unaitazama nguo?"

"Ninamtazama anayeikunja. Anaikunja vibaya."

"Basi njoo ukunje wewe."

Akaenda. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Oktoba 1934, wakajaliwa watoto wawili, Priska na Gideoni. Lakini watu wana midomo. Wa Zuzu walisema Mwalimu ameoa nusu debwani. Wa Ihumwa walisema nusu iliyobaki ataifuata Zuzu. Ruthu aliyasikia yote mawili, na hakuna aliloombwa kulibeba katika ndoa yake lililokuwa zito kuliko hilo: kutojua kama alipendwa yeye, au kilipendwa kilichokuwa mikononi mwake siku ile. Haya yanasomwa kwa ruhusa yake. Alipoulizwa kama yaachwe, alisema, "Ukiuficha wivu wangu, utakuwa umeandika maisha ya mtu mwingine."

Kazi ambayo Mwalimu atakumbukwa kwayo ilianza mwaka 1936, katika stoo ya nyuma ya duka la Bwana Bhagwanji, mwuza nguo wa Dodoma, ambaye baba yake aliwauzia nguo wenye misafara. Kila siku shule ilipofungwa, Mwalimu alikwenda huko. Alifunika dirisha kwa kaniki ili jua lisiingie. Alikusanya maji ya mvua kwa ajili ya kuoshea, akaweka majani ya tumbaku kuzuia nondo, akaziviringisha nguo juu ya mianzi badala ya kuzikunja. Alitembea vijijini akiuliza majina ya nguo za zamani, nani aliivaa ipi, na alipewa na nani. Makala zake mbili zilichapishwa katika gazeti la Kiswahili la Dar es Salaam. Wasafiri waliopita hapa, aliandika, wamejaza vitabu kwa manung'uniko ya nguo walizotoa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nguo zile zilifanya nini baada ya wao kupita. Yeye aliuliza.

Bwana Bhagwanji alimpa chumba, lakini hakumpa moyo wote. Alikuwa na vipande vya kale vya baba yake ambavyo alivificha chini ya kaunta, akimwonyesha kimoja kimoja, kisha anavirudisha haraka.

"Mwalimu," alimwambia siku moja, "unaitazama nguo yangu kama mtu anayemtazama mke wa jirani."

"Nami nakuona unavyoificha kama mume."

Walicheka, na Bwana Bhagwanji akaifunga kaunta kwa ufunguo. Jana alikuja hapa na kile kipande ambacho Mwalimu alikiomba miaka ishirini, akamkabidhi Priska.

Wenye misiba nao walimfahamu. Wazee wengi walizikwa na nguo zao, na Mwalimu alikuwa akifika mapema, anatoa pole, anakaa, kisha anauliza kwa sauti ya chini kama marehemu hakuacha kisutu. Watu wakimwona anatokea njiani na baiskeli walisema, "Fungeni masanduku, Mwalimu anakuja kumpa pole marehemu." Hakukasirika. Mara nyingi aliondoka na nguo, na mara nyingi zaidi aliondoka na wali.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mepesi. Sisi ndugu tulipomtembelea tulimkuta amekwisha kutoa upole wake wote stooni, akatuletea kilichobaki. Ruthu alisema mbele ya wageni, "Watoto wangu wana shuka moja, lakini matambara ya wafu yanalala na blanketi." Mwalimu alijibu, "Watoto wako watakua, Mama Priska. Hayo hayakui, yanapungua tu." Lilikuwa jibu la kweli, na ndiyo sababu halikumridhisha.

Mwaka 1947 ilitangazwa kwamba Jimbo la Kati litafanya maonyesho ya kazi za mikono katika uwanja wa karibu na boma. Mwalimu aliamua kulionyesha debwani likiwa zima. Aliona kwamba nyumba mbili zilizotengana kwa sababu ya mpasuko zingepatana mpasuko ukifungwa. Alikuwa mwalimu wa misheni. Mafundisho ya upatanisho aliyasadiki kwa moyo na kwa sindano. Nusu ya Ihumwa ilikuwa nyumbani kwake, maana Ruthu alikuwa amekabidhiwa kuitunza. Ya Zuzu ilikuwa kwa Anyesi, ambaye wakati huo alikuwa mjane na amerudi kwao. Mwalimu alipanda treni kwenda kuipima, Jumamosi baada ya Jumamosi.

"Nguo gani hiyo," Ruthu aliuliza, "inayopimwa wiki zote hizi?"

"Ni kuukuu, Mama Priska. Haitaki haraka."

"Na mwenyewe naye hataki haraka?"

Mwalimu alicheka. Ruthu hakucheka.

Mwishowe Anyesi alimpa. Mwalimu alishona masika yote, kwa uzi mwekundu aliouchovya rangi mwenyewe mpaka ukafanana na wekundu wa debwani. Kona moja ya nusu ya Zuzu ilikuwa imeliwa na nondo, naye akaifuma upya uzi kwa uzi. Alipomaliza, Bwana Bhagwanji alivaa miwani, akalipeleka mlangoni penye mwanga, akalipapasa, akashindwa kuona palipounganishwa.

"Mwalimu," alisema, "hapa umeshona au umesali?"

Siku ya maonyesho debwani lilitundikwa ukutani, zima, kama lilivyoshuka begani mwa mpagazi. Wakubwa walilisifu. Mwalimu alikuwa amewaalika wazee wa nyumba zote mbili, akasimama katikati yao akingoja furaha yao. Kisha mama mkwe wake, mama yake Ruthu, akasogea, akapitisha kidole mahali ulipokuwa mpasuko.

"Mkwe wangu," alisema, "nikifa mimi, watu wa Zuzu watakuja na nini?"

Mzee wa Zuzu akauliza, "Na sisi tukifiwa?" Halafu ikaulizwa debwani litakaa wapi. Ruthu akasema Ihumwa, maana fundi ni wa Ihumwa. Anyesi akasema Zuzu, maana mke mkubwa ni mke mkubwa. Yakatajwa mambo ya visima na maji ya msafara, majina ya waliozikwa zamani yakaanza kurushwa, na waliokuwapo wanasema ilikuwa kana kwamba wale wake wawili wamesimama uwanjani.

Alilirudisha stooni, akaufumua mshono wake mwenyewe. Kufumua kulichukua muda mrefu kuliko kushona, kwa sababu uzi wa kale huung'ang'ania ule mpya. Kipupwe kilipokwisha alirudisha kila nusu mahali pake. Katika makala yake ya pili aliandika hivi: "Nilidhani mpasuko ule ni ubovu wa nguo. Kumbe ndio njia ambayo watu hao walikuwa wakipita ili wafikiane." Tangu siku hiyo hakuziba tundu la nguo yoyote kabla ya kuuliza lilitobolewa na nani, na kwa nini.

Mama mkwe wake alifariki mwaka 1949, na watu wa Zuzu wakaja. Anyesi aliibeba nusu yao. Zilipotandikwa, Ruthu aliinama kuziangalia, na katika kona ya nusu ya Zuzu akauona, kwa ncha iliyochomoza, uzi mwekundu wa mumewe. Katika nusu yake mwenyewe hapakuwa na hata uzi wake mmoja. Baada ya mazishi alimwambia mumewe.

"Uzi wako umebaki kwake."

"Ni ile kona ya nondo. Nikiuvuta, kona yote inafumuka."

"Kwangu uliuvuta wote."

"Kwako palikuwa pazima, Mama Priska."

"Ungeniachia hata kipande."

Mtu aliyejua majina ya nguo zote zilizopita Ugogo alichukua kofia, akaenda stooni. Kwa miaka tisa Ruthu hakumtaja Anyesi kwa jina lake. Alimwita Mwenye Uzi. Kila msiba ulipozikutanisha nyumba hizo, aliitazama kona ile kwanza, kisha ndipo alipomtazama marehemu.

Mwalimu alianza kukohoa mwishoni mwa mwaka 1955. Daktari alisema ni kifua, na kwamba vumbi la zile nguo halimfai. Aliacha kufundisha, lakini stoo hakuiacha mpaka Februari mwaka huu, aliposhindwa kupanda ngazi za baraza la Bwana Bhagwanji. Ufunguo alimpa Priska, si mkewe, na hilo nalo lilionekana. Alilazwa tarehe 30 Julai. Wauguzi wanasimulia kwamba alipofikishwa kitandani alipapasa shuka, akawaambia limefuliwa kwa sabuni kali mno na halitafika Krismasi.

Jumapili iliyopita Ruthu alikaa naye peke yake. Alimwambia, "Baba Priska, sitakuuliza tena baada ya leo. Ule uzi."

Mwalimu alivuta pumzi kwa shida. "Usiniulize mimi. Una mikono. Nenda kaushike mwenyewe."

Alifariki Jumanne tarehe 12 Agosti 1958, saa kumi na moja alfajiri. Ruthu alikuwa kando yake, na Priska alikuwa mlangoni.

Kwa desturi, Zuzu hawakulazimika kuja na nusu yao, kwa kuwa Mwalimu alikuwa mkwe na si damu ya nyumba. Hakuna aliyewapelekea habari za msiba, na Ruthu alikataza wasiitwe. Lakini jana alasiri, waombolezaji wakiwa wamekaa upande wenye kivuli, Anyesi alionekana akitoka upande wa reli, peke yake, na furushi kichwani. Aliamkia wazee, kisha akasimama mbele ya mjane.

"Dada," Ruthu alisema, "umekuja kwa ajili ya nani?"

"Nimekuja na nusu yangu. Kama yako haipo, nitapanda treni nirudi."

Ruthu akaingia ndani, akatoka na yake. Ngozi ikatandikwa, na nusu mbili zikawekwa, mpasuko ukiutazama mpasuko. Zinalingana. Wazee wakasema basi, lakini Ruthu hakuinuka.

"Naomba niushike," alisema.

"Ushike. Ni kazi ya mumeo."

Akaikamata ncha yake kwa kucha, akauvuta kidogo sana. Kona yote ikasogea nao. Nyuzi za debwani, zilizosimama tangu siku za misafara, zikaanza kufuata moja baada ya nyingine kama watu wanaoitwa. Ruthu akauachia papo hapo. Akalamba kidole, akazibonyeza nyuzi zile zirudi mahali pake, taratibu, kama alivyomwona mumewe akifanya miaka yote aliyodhani hamtazami.

"Vuta tu, mdogo wangu," Anyesi alisema. "Mimi nimechoka kuangaliwa kona."

"Uache," Ruthu akajibu. "Ukitoka, kona yote itafumuka." Kisha akafuta mikono kwa khanga yake. "Lakini kwenu mkifiwa, nitakuja kuuangalia."

"Njoo. Siku usipokuja nitajua umekufa, nami nitaleta nusu yangu hapa."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne watu walicheka, na mjane akiwamo. Usiku wa jana Anyesi alilala hapa kijijini, na sasa yuko nasi makaburini.

Mwalimu Sostenes Ndahani ameacha mjane, Ruthu, binti yake Priska, mwalimu wa ushonaji Mpwapwa, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa stoo, mwanawe Gideoni, karani wa reli, wajukuu watatu, na mdogo wake. Ameacha nguo nyingi zisizo na wenyewe, historia ambayo hajaimaliza kuiandika, na nusu mbili za debwani, moja Ihumwa na moja Zuzu.

Maisha yake yote alituambia tufunge madirisha, kwa kuwa jua hula rangi kimya kimya na halirudishi. Tulimkasirikia kwa giza lile. Leo tunamlaza mahali ambapo jua halitamfikia, asiguswe na mkono usionawa, wala asikunjwe tena mahali pamoja. Apumzike humo kwa amani yote aliyowapa wafu wengine, ambao kwetu walikuwa wamebaki uzi tu.